Komba wangu amekataliwa! Uzi wa tunaoripoti ndege na wanyama wa Mombasa

TuktukYaMamaNgina (Jumapili, saa 3:12 usiku)

Asalam aleikum wanajukwaa, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Mie ni dereva wa tuktuk, stendi yangu ni Mama Ngina. Abiria wa asubuhi wakishapungua, toka saa nne mpaka adhuhuri hatuna kazi ila kukaa chini ya mibuyu, kula mihogo na kusengenya. Mwaka jana nilimbeba mama mmoja mgeni wa Nairobi, akaniambia nisimame apige picha ndege aliyekuwa mwambani, maji yamekupwa. Nikamwambia, mama, huyo si kitu, ni yangeyange. Akaniuliza, yangeyange yupi? Nikacheka. Kumbe swali lilikuwa na maana. Ndege yule alikuwa wa rangi ya moshi, na mie siku zote najua yangeyange ni mweupe. Kando yake palikuwa na mwengine mweupe pepe. Akaniambia hao wawili ni aina moja, wengine huwa weupe na wengine wa moshi, lakini tazama chini: miguu myeusi, vidole vya manjano kama amekanyaga bizari. Nikatazama. Miaka kumi na moja naegesha pale, sijawahi kutazama vidole vya ndege.

Basi akaniwekea iNaturalist kwenye simu, programu ya kuripoti viumbe unavyoviona. Tangu siku ile nimeshatia rekodi 214: yangeyange, kaa, vipepeo, mijusi, popo, tumbili wa Nyali, hata jongoo wa bafuni kwangu.

Sasa malalamiko. Wiki mbili nyuma, saa tano usiku, nyumbani Utange, nikamsikia komba kwenye mnazi wa jirani. Mgema huacha vibuyu vyake juu usiku kucha, na komba anajua. Nikapiga picha kwa tochi. Nakubali picha si nzuri: giza, kuti moja, na macho mawili mekundu kama taa za nyuma za matatu. Programu ikanipendekezea jina, nikabofya. Asubuhi naamka, mtu nisiyemjua kaandika kwamba jina hilo ni la mnyama wa Afrika Kusini, hayuko Kenya pwani, na ushahidi wangu haufiki popote. Rekodi ikarudishwa nyuma mpaka kwenye kundi kubwa la nyani, tumbili, komba na binadamu. Yaani mie na komba tumetiwa kapu moja!

Nauliza: nimekosea wapi? Na hizi 214, kuna mtu anazisoma ama nachoma bando?

ShangaziKongowea (Jumapili, saa 3:30 usiku)

Komba alikuwa kashalewa tembo la mnazi, ndiyo maana picha imetikisika. Usimlaumu mtu wa watu.

Maalim_Mstaafu (Jumapili, saa 4:05 usiku)

Mwanangu, kwanza hongera. Nimefundisha biolojia miaka 29 na wanafunzi walioinama kutazama vidole vya ndege nawahesabu kwa mkono mmoja.

Aliyekurudisha nyuma hakukutukana. Amesoma kilichomo kwenye picha, si kilichomo kichwani mwako. Wewe umemsikia komba, umemjua tangu utotoni, unaujua mnazi na unamjua mgema. Yeye ameletewa macho mawili mekundu.

Utaratibu wa iNaturalist ni huu. Rekodi iwe na picha au sauti, tarehe na mahali, na kiumbe awe wa porini, si wa kufugwa wala wa kupandwa. Watu hutoa majina. Wakizidi theluthi mbili wanaokubaliana kwenye spishi, rekodi inapanda kuwa daraja la utafiti. Aghalabu wawili tu watosha. Ikishapanda, na kama leseni uliyochagua inaruhusu, inapelekwa GBIF, ghala la kumbukumbu za viumbe lenye makao yake Copenhagen, Denmark. Pale mtafiti yeyote anapakua bure, awe wa Chuo Kikuu cha Pwani hapo Kilifi au wa Brazil. Kwa hiyo bando lako halichomeki.

Ama lile jina: programu inalinganisha picha yako na picha ilizofundishwa. Haijui Utange wala mnazi. Ikikupa jina, kabla hujabofya tazama ramani ya mnyama huyo anaishi wapi. Ukiona nukta zote ziko Afrika Kusini, andika "komba" tu usonge mbele. Jina pana lililo sahihi ni bora kuliko jina jembamba la kubahatisha.

Na komba si mmoja. Pwani yetu ina komba mkubwa mwenye masikio madogo, wa kimo cha paka, mkia mnene. Kuna pia komba mdogo wa pwani, ambaye angekaa kiganjani mwako. Usiku, kwa macho, kuwatofautisha ni kazi. Wataalamu huwatofautisha kwa sauti. Mkubwa hulia kwa nguvu, kisha kilio kinashuka na kufifia, kama mtoto aliyechoka kulia. Mdogo mlio wake ni wa harakaharaka, unaozidi kadiri anavyoendelea.

Wacha picha. Rekodi sauti.

TuktukYaMamaNgina (Jumapili, saa 4:20 usiku)

Maalim, sauti pia inakubalika? Mie nilidhani picha tu.

Maalim_Mstaafu (Jumapili, saa 4:26 usiku)

Yakubalika sawa na picha. Zima redio, zima feni, simu usiifunike kwa kidole. Anza kurekodi kabla hajalia, si baada.

MjiWaKale_Dijitali (Jumatatu, saa 1:15 asubuhi)

Naona mnashangilia kazi ya bure. Mtu wa tuktuk anunue bando, asimame juani, apige picha, halafu profesa wa mbali aandike karatasi apewe cheo. Huko nyuma walikuja na meli wakachukua pembe za ndovu. Sasa wanachukua picha za ndovu. Mie simo.

ShangaziKongowea (Jumatatu, saa 1:22 asubuhi)

Mombasa hakuna ndovu, babangu. Kunywa chai kwanza.

Nahodha_Likoni (Jumatatu, saa 2:40 asubuhi)

Mie na huyo wa Mji wa Kale twaafikiana nusu.

Miaka ya nyuma walikuja watu na madaftari hapa bandani kwetu. Walikaa siku mbili. Waliuliza nguva alikuwa akionekana wapi, kasa hupanda ufuo upi, papa shilingi, yule papa mkubwa wa madoa, hupita mwezi gani. Tuliwaambia yote, tukawapikia na samaki. Wakasema watarudi na majibu. Mpaka leo twawangoja, na wawili kati ya wazee waliojibu maswali yale tumeshawazika.

Lakini kuna hili pia. Siku moja jarife langu lilimnasa kasa, hai. Nikamkata wavu, na nilipokuwa namgeuza nikaona kwenye pezi la mbele ana kipande cha chuma kimebanwa kama hereni, kina herufi na namba. Sikuwa na kalamu. Nikaiandika namba kwa mkaa kwenye ubao wa dau, nikamwachia aende zake. Mtoto wa dada yangu akaituma kwa wanaohusika. Baada ya wiki tatu likaja jibu: kasa yule alivishwa namba ile Watamu, miaka minne kabla. Hapo nikaelewa. Ile namba ni kama namba ya gari, na mie nilikuwa askari wa barabarani.

Jibu lile lilinifanya niandike zaidi ya pesa yoyote. Sasa nina daftari. Nyangumi msimu wa kusi, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa tisa, wanapita nje ya mwamba na watoto wao. Naandika siku, saa, wako wangapi, wanaelekea wapi, na upepo. Pomboo vilevile. Picha sina, mikono yangu iko kwenye tanga. Mpwa wangu ndiye anayeyahamisha kwenye simu.

Anayekusanya kwa watu awarudishie watu. Hilo tu.

MjiWaKale_Dijitali (Jumatatu, saa 2:55 asubuhi)

Ami, hapo umesema. Ndilo nililotaka kusema ila wewe una adabu kunishinda.

BintiMikindani (Jumatatu, saa 7:10 mchana)

Naongezea kwa upande wa matope, kwa sababu kila mtu hapa ni ndege na kasa.

Sisi kikundi chetu cha kina mama tunapanda mikoko kwenye hori ya Tudor, ule mkono wa bahari, upande wa Mikindani. Wageni wakija huita yote "mikoko". Kenya ina aina tisa, na nyanya zetu walikuwa na jina la kila mmoja kwa sababu kila mmoja una kazi yake: boriti, dau, kuni, dawa. Mkoko wenyewe una mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui. Mchu mizizi yake inatoka matopeni kama penseli, na ukilamba jani unapata chumvi. Muia mizizi ni kama magoti, na ua lake lina kikombe chekundu. Kuna mkandaa, mlilana, mkomafi wenye tunda la duara la kama mpira wa watoto.

Tulipoanza kuripoti tulikuwa tunapiga picha ya msitu mzima kwa mbali, kijani kitupu. Hakuna aliyeweza kusema kitu. Sasa tunapiga nne: mti wote, mzizi, jani mbele na nyuma, na ua au tunda. Zote kwenye rekodi moja, mti mmoja. Wengine hufanya kosa la kuweka kaa, mti na ndege kwenye rekodi moja kwa kuwa waliwaona pamoja. Kila kiumbe na rekodi yake.

Na ile tuliyoipanda sisi wenyewe lazima uitie alama kwamba imepandwa, isije ikahesabiwa kwamba imejiotea. Hapo tulibishana wenyewe kwa wenyewe, maana kuna mama alisema, "Nimeinama miezi mitatu kuipanda, halafu nikiandika naambiwa si ya porini?" Ndiyo hivyo. Lakini kaa anayekuja kuishi chini yake, huyo hakupandwa na mtu. Na wanakuja. Mwaka wa kwanza matope yetu yalikuwa kimya. Mwaka huu maji yakipwa ukikaa kitako dakika tano bila kutikisika, wanatoka wale kaa madume wenye gando moja kubwa, wanalipungia huku na huku kama askari wa trafiki. Ukikohoa wote ndani.

Hiyo picha ya kaa mmoja kwenye matope yetu ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

TuktukYaMamaNgina (Jumatatu, saa 7:31 mchana)

Dadangu, hiyo ya kuweka alama ya kupandwa sikuijua. Nina michungwa na mlangilangi wa mamangu mle. Ngoja nirekebishe.

SululuWaTudor (Jumatatu, saa 2:00 usiku)

Uzi mzuri huu, na mie nije na la ndege.

Jina langu nimelitoa kwa sululu, yule ndege wa matope mwenye mdomo mrefu uliopinda chini. Nyumbani kwetu ni Tudor, na hori maji yakipwa ni kama sinia. Sululu huwasili kutoka kaskazini ya mbali, mpaka Siberia, kwenye mwezi wa nane na wa tisa. Hukaa nasi msimu wote wa kaskazi na huondoka kwenye mwezi wa nne, ila wachache, hasa vijana, hubaki. Mtazame anavyokula kaa. Anamchomoa shimoni, anamtikisa mpaka miguu inaanguka mmoja mmoja, akiwa mchafu anamsuuza majini, ndipo anammeza. Usafi wa mpishi wa Kiswahili.

Mie siripoti kwa picha. Natumia orodha. Kuna kazi inaitwa Kenya Bird Map, ambayo nchi imekatwa miraba, kila mraba kama kilomita tisa kwa tisa. Unaingia kwenye mraba, unatembea angalau saa mbili, unaandika kila aina ya ndege unayoiona au kuisikia kwa mpangilio wa ulivyoiona. Unaweza kuendelea kuongeza aina mpya mpaka siku tano. Kunguru waandike, shomoro waandike, njiwa wa msikitini waandike. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanaandika ndege wa ajabu tu, wa kawaida wanamruka.

Maana yake ni hii. Picha moja ya mnandi inasema mnandi alikuwepo. Orodha kamili inasema pia nani HAKUWEPO. Nikiwa na orodha arubaini za mraba wangu, na shomoro yumo kwenye thelathini na tano, kisha miaka kumi baadaye yumo kwenye kumi, hapo kuna habari. Na hakuna atakayeona shomoro anapungua kama sisi tunaoishi naye tunamwona hafai kuandikwa. Chui akiingia Nyali kesho, nchi nzima itajua kabla ya adhuhuri. Shomoro hana mwandishi.

Wasiotaka miraba, kuna eBird ya Maabara ya Ndege ya Cornell, iliyoanza 2002. Nayo pia ni ya orodha.

Kijana_wa_Bombolulu (Jumatatu, saa 2:18 usiku)

Kunguru pia?? Wale wezi? Jana wamenipokonya mahamri mkononi!

SululuWaTudor (Jumatatu, saa 2:44 usiku)

Wale hasa. Lakini kwanza hakikisha ni kunguru yupi. Yule mwenye shingo ya kijivu, mwembamba, kelele nyingi, huyo ni kunguru wa India, mgeni. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na miaka ya 1940 alikuwa ameshafika Mombasa. Wa kwetu ni yule mkubwa zaidi mwenye kifua cheupe kama amevaa fulana ndani ya koti. Mie huyo mwenye fulana namwona kwa nadra kisiwani, na nikimwona nasimama.

Huyu mgeni hula mayai na makinda ya ndege wengine. Ndiyo maana 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Kila mtu alikuwa na lake la kusema na mie sitaki kuufungua mjadala huo hapa. Lakini ukubali mpango ule au uukatae, huwezi kujua wamepungua au la kama hakuna aliyewaandika kabla na baada. Na rekodi yenye uzito zaidi si ya Kongowea, wala si ya mahamri yako. Ni ya kunguru wa kwanza kwenye mji wa bara ambao hajawahi kuonekana. Walio safarini kwenye barabara ya Nairobi, mkisimama kunywa chai, inueni macho.

ShangaziKongowea (Jumatatu, saa 2:50 usiku)

Niandike wangapi? Sokoni hawahesabiki. Niandike "wengi mno"?

SululuWaTudor (Jumatatu, saa 2:53 usiku)

Hesabu kumi, uone kumi inakaa nafasi gani, kisha ulizidishe fungu hilo. Ndivyo wanavyohesabu hata wale heroe wa maziwani.

Kijana_wa_Bombolulu (Jumatatu, saa 3:10 usiku)

Sawa, na mimi naanza. Nina picha ya chatu mkubwa sana kaonekana Bombolulu juzi, imezunguka kwenye kundi letu la WhatsApp. Naiweka wapi?

Maalim_Mstaafu (Jumatatu, saa 3:25 usiku)

Huiweki popote, mwanangu.

Picha hiyo hiyo niliipokea mwaka juzi, "kaonekana Malindi". Kabla ya hapo alikuwa Tanga. Chatu huyo ana safari nyingi kuliko basi. Unaripoti ulichokiona wewe, au aliyekiona anaripoti mwenyewe. Na hata picha yako halali ikipitia WhatsApp hupoteza tarehe na mahali vilivyofichwa ndani yake, kwa hiyo tumia ile ya asili iliyo kwenye simu yako. Huna bando? Piga sasa, pandisha baadaye ukiwa kwenye Wi-Fi. Saa na mahali hubaki vile vile.

Na nyoka halisi ukimwona, picha ni ya mbali. Sitaki kusikia mtu amemsogelea kwa ajili ya daraja la utafiti.

MtotoWaNyali (Jumanne, saa 12:50 asubuhi)

Jamani mimi pia nina kitu!! Leo alfajiri nilikuwa nakimbia ufuoni nikaona nyayo za kasa, kama gurudumu la trekta limetoka baharini, na juu pamechimbwa. Ni kiota! Kiko *[sehemu hii imeondolewa na Msimamizi]*

Msimamizi (Jumanne, saa 1:08 asubuhi)

MtotoWaNyali, umeona kitu kikubwa, na sikukemei. Nimeondoa mahali pekee. Mayai ya kasa yana walaji wa miguu minne na wa miguu miwili, na jukwaa hili linasomwa na wote.

Kwa wote: kwenye iNaturalist, wanyama walio hatarini mara nyingi hufichwa mahali pao na programu yenyewe. Inaonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya mraba wa takriban kilomita 22, kiota cha Nyali kikaonekana kama kiko Mtwapa au katikati ya bahari. Lakini msitegemee hilo tu. Kuna kitufe cha kuficha mwenyewe, kitumieni kwa kiota chochote, kwa tundu la bundi, na kwa nyumba zenu pia. Rekodi 40 za mijusi zenye nukta ileile ni ramani ya mlango wako. Na mkipiga picha ya kiota, pasionekane hoteli wala mnara nyuma yake.

Nahodha_Likoni (Jumanne, saa 1:30 asubuhi)

Msimamizi, Mungu akuweke. Na wewe kijana, usikanyage pale juu, usichimbue uone. Piga simu KWS ama nenda BMU, kamati ya wavuvi ya ufuo, iliyo karibu, wanajua kuweka mlinzi na kuhesabu siku. Itachukua kama miezi miwili. Watoto wakitoka, usiwamulike kwa tochi, wanafuata mwanga wa bahari na tochi yako itawapotosha.

MtotoWaNyali (Jumanne, saa 1:41 asubuhi)

Samahani ami. Nimeshawapigia. Wanakuja.

MjiWaKale_Dijitali (Jumanne, saa 3:00 asubuhi)

Swali la mtu ambaye bado hayumo. Nikisimama Ngome (Fort Jesus) kupiga picha popo jioni, walinzi wakinikamata nitasema nini?

TuktukYaMamaNgina (Jumanne, saa 3:12 asubuhi)

Bwana we, hilo la walinzi ngoja nikuhadithie yangu.

Jana usiku nilifuata ushauri wa Maalim. Saa nne na nusu nikatoka na simu, taa zote nimezima, nimevaa kanzu nyeusi ya kulalia, nikajibanza ukutani kwa jirani karibu na mnazi. Komba kimya. Nikangoja dakika ishirini, mbu wananila. Nikamsikia juu anakwaruza, nikainua simu. Ghafla dirisha likafunguliwa, mama wa nyumba ile akapiga yowe: mwizi! Mtaa mzima ukatoka na mapanga na virungu. Walinimulika usoni kabla ya kunipiga, ndipo wakanijua.

Nikawaambia nilikuwa namrekodi komba. Hakuna aliyecheka. Ilibidi niwachezee ile sauti.

Kwa hiyo nasaha yangu: kabla hujaenda kusikiliza mnyama wa usiku, waambie majirani. Na karibu na bandari ama feri usiinue kamera kabisa, hata kwa shakwe.

ShangaziKongowea (Jumanne, saa 3:15 asubuhi)

Nimecheka mpaka chai imenitoka puani. Iko wapi sauti?

TuktukYaMamaNgina (Jumanne, saa 3:19 asubuhi)

Nimepandisha usiku uleule. Rekodi mpya, kwa sababu ni usiku mwengine. Safari hii nimeandika "komba" tu, sikubofya la programu. Tungoje.

BintiMikindani (Jumanne, saa 8:45 mchana)

Nimeisikiliza. Kuanzia sekunde ya kumi analia yeye, nguvu nguvu kisha anazama. Halafu kuna mbwa. Halafu kuna mwanamume anasema maneno ambayo hayafai kupelekwa Denmark.

Maalim_Mstaafu (Jumanne, saa 1:20 usiku)

Nami nimesikiliza mara tatu kwa vipokea sauti. Kilio kinaanza juu, kinashuka, kinafifia. Huyu ni mkubwa mwenye masikio madogo. Nimeweka jina langu. Bado mmoja.

TuktukYaMamaNgina (Alhamisi, saa 12:30 asubuhi)

Wanajukwaa, AMEFAULU!

Mtu wa pili aliyekubali jina yuko Afrika Kusini, anasema kazi yake ni kusikiliza komba. Daraja la utafiti! Kisha akaniandikia kuuliza: yule binadamu kwenye sekunde ya 40 anasema nini? Nikamfasiria kwa heshima kwamba ni mgema, anamwambia mnyama ashuke kwenye mnazi. Sikumfasiria yote.

Ile ya macho mekundu nimeiacha kama ilivyo, kwenye kapu la nyani na binadamu. Nimezoea sasa.

Jambo moja limebaki. Mgema amesikia kwamba komba ameandikwa rasmi na tarehe, saa na mahali. Jana jioni alinisubiri mlangoni na vibuyu vyake. Anataka kujua kama rekodi hiyo yaweza kutumika kudai fidia ya tembo lililonyweka tangu mwezi wa Ramadhani. Maalim, nimjibu nini?

Maalim_Mstaafu (Alhamisi, saa 1:02 asubuhi)

Mwambie afunike vibuyu.